Mjomba Alivyokataa Nibebwe

Wa Tumsifu nawasalimu kwa Tumsifu, wa salaam nawasalimu kwa salaam, na wakubwa zangu wote mliomo humu, shikamooni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Mimi ni mtu wa milimani, tunaongea kama tunavyopanda, taratibu, kwa hiyo anivumilie kidogo.

Kwa wageni wetu, hiki ni kikundi cha sisi tulioumia uti wa mgongo pamoja na wanaotuuguza. Msishangae viti vya magurudumu kuwa vingi kuliko vya plastiki. Na sitataja jina la mtu leo, maana wengine wamo humu ndani, na wengine hawapendi kusemwa hata kwa mema.

Juu kwetu Uluguru gari halifiki kila mahali. Kabichi unayokula hapa mjini imeshuka kwa kichwa cha mtu au kwa bega lake. Wanaume tunabeba kwa mzega, yaani mti mmoja begani, mzigo mbele, mzigo nyuma. Na mimi kwa mzega nilikuwa na sifa, acha nijisifu. Mkungu wa ndizi mbele, mkungu nyuma, na situi mpaka barabarani. Mtu akitua njiani kupumzika nilimcheka.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Bibi mmoja aliyekuwa anapanda akaniambia, "Mwanangu, tua kwanza, njia inateleza." Nikamjibu, "Bibi, mzigo ukiutua unaongezeka uzito." Nikampita. Hatua kama ishirini mbele mguu ukateleza, nikaporomoka hadi shamba la chini, nikapiga mgongo kwenye jiwe. Ndugu zangu, maumivu hayakuwa makubwa kama mnavyodhani. Kilichonitisha ni miguu. Naiona, raba zangu zimo, lakini haipo.

Majirani walikuja mbio, na hapa nasema kwa upendo, maana watu wale nawapenda mpaka leo. Walikosea. Machela ilikuwa haijafika, mmoja akasema tusimcheleweshe, akanibeba mgongoni kama mtoto, miguu inaning'inia. Wakabadilishana watu wanne mpaka barabarani. Mtu aliyeumia mgongo alazwe sawa juu ya ubao, asikunjwe, asitingishwe. Hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia waongeze mwendo. Ninyi mnaorudi vijijini leo, hilo moja mkalihubiri.

Hospitalini nilimuuliza daktari nitatembea lini. Akaniangalia, akasema, "Tuanze na kukaa." Nilimchukia daktari yule kwa wiki nzima.

Waliponiruhusu nilirudishwa juu, na safari hii kwa machela. Ndipo nikaanza kubebwa kweli. Nilibebwa kwenda chooni, nilibebwa kwenda kuota jua, nililishwa uji kwa kijiko na mikono yangu hii mizima iko hapa. Walinipenda sana. Na kwetu kuna baridi, mnajua. Jioni walinisogeza karibu na moto nipashe miguu joto. Siku moja nikamwambia mke wangu, "Mama, kuna kitu kinaungua jikoni." Akaangalia sufuria, nzima. Akaangalia kuni. Kilichokuwa kinaungua ni mguu wangu.

Mnacheka, chekeni tu, mimi pia sasa nacheka. Siku ile tulilia wote wawili.

Kidonda kikaturudisha mjini. Dada yangu ana chumba Mafiga, akanipa kitanda chake, yeye akalala chini. Hapo juu ya kidonda cha moto vikaongezeka vidonda vya kulalia, kwa sababu sikutaka kugeuzwa. Nilikuwa nimekata tamaa, niseme wazi. Nilikuwa nageukia ukuta, mtu akija kuniona najifanya nimelala.

Sasa mnielewe kilichokuwa kinanila. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mimi nilioa, nikahamia kwao mke wangu, nikalima shamba la ukoo wao. Mwanaume kule heshima yake ni jembe. Mimi jembe sina tena, sasa pale nakaa kama nani? Nikajiona mgeni aliyesahau kuaga. Mke wangu alipokuja kuniosha vidonda nikamwambia, "Mimi nimekufungulia. Rudi kwenu, tafuta mtu wa kulima."

Akakamua kitambaa, akaniambia, "Kwetu ndiko tunakokaa. Wewe ndiye uliyehamia. Na mimi sikuolewa na mzega."

Kisha akapanda mlima kwenda kunisemea kwa mjomba wake. Mjomba wa mke kwetu ndiye mwenye kauli juu ya shamba. Nilipoambiwa anashuka kuja kuniona nikajua amekuja kumaliza shauri, kumchukua mtoto wao kwa heshima. Nikapanga maneno ya kumwachia, mazuri kabisa.

Aliingia na fimbo yake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Nasikia unamwacha mtoto wetu."

"Sina faida shambani, mjomba."

"Faida nani kakuuliza?" Akaegemea fimbo yake. "Kuna kipande chetu kando ya barabara, gari linafika pale pale. Nimekaa na wenzangu wa ukoo, tumekubaliana mkakilime ninyi."

"Nitalima na nini?"

"Hilo la kwako. Ila unajua taratibu yetu. Anayepewa ardhi anaonyeshwa mipaka, anaizunguka mwenyewe, sale kwa sale kama yalivyopandwa mpakani. Mtu aliyebebwa hatumwonyeshi mipaka."

Nikasema, "Mjomba, unanidhihaki." Mke wangu naye akaanza kumkemea, na mwanamke wa kwetu hamkemei mjomba wake hivi hivi. Mzee akainuka, chai hakugusa, akasema, "Nakusubiri," akatoka.

Ndugu zangu, nawaambia, hasira nayo ni dawa, ukiinywa kwa kipimo. Kesho yake nilimwambia dada aniitie yule mtaalamu wa mazoezi niliyekuwa namfukuza. Akaja mwanamke mfupi, mkali, hana huruma ya bure. Akaweka ubao kati ya kitanda na kiti cha magurudumu, akasema, "Hama." Nikaanguka. Akaniangalia nilivyoanguka, akanifundisha kuanguka vizuri zaidi. Mwezi wa kwanza sikuweza kuhama hata mara moja bila kushikwa. Nilijifunza kujigeuza kila baada ya muda, usiku na mchana, kujikagua ngozi kwa kioo, kutumia mpira wa mkojo kwa saa maalumu, maana mkojo wangu siku hizi una ratiba kama basi la Dodoma. Wenzangu mnajua. Mtu akikuambia mambo haya ni aibu, mwambie aibu ni kuoza na wewe uko hai.

Na mabega yangu yalikumbuka kazi. Miaka yote ile ya mzega haikupotea. Siku niliyohama kutoka kitandani hadi kwenye kiti peke yangu, hakukuwa na mtu chumbani. Nilikaa pale nikalia kwa furaha, halafu nikahama kurudi kitandani, ili dada akija nimwonyeshe tena.

Baadaye mimi na mke wangu tukapanda mlimani na gari la kuchukua mboga, kwenda kwenye kile kipande cha kando ya barabara. Tulipofika, vijana wa kushusha mizigo wakanyoosha mikono waninyanyue. Mjomba alikuwa amesimama kando ya barabara, akasema, "Mwacheni, ana kazi." Nikaweka ubao. Nikahama. Kiti kikasogea, nikaishia chini, mbele ya watu wote, mavumbi mpaka mdomoni. Kutoka chini hadi kwenye kiti ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na nilikuwa nimeiweza mara mbili tu maishani. Mke wangu aliziba uso kwa kanga. Sijui nilichukua muda gani, ila dereva alizima injini. Nikapanda. Mara ya tatu ile.

Tukaanza mipaka. Mjomba mbele, mimi nyuma, anagusa sale kwa fimbo na kunitajia jirani wa upande ule. Magurudumu yakazama kwenye udongo, nikajivuta kwa kushika masale. Yakazama tena, nikajivuta. Mara ya tatu sikuweza. Nikamwita, "Mjomba, naomba unisukume."

Akarudi, akanisukuma mpaka pagumu. Akasema, "Ukiomba, nasukuma."

Tulipomaliza kuzunguka jua lilikuwa limeshapinda. Hakunisifu. Aliniuliza, "Mipaka umeiona?" Nikasema nimeiona. Akasema, "Basi, lima." Siku ile nilijua mimi ni mtu wa pale.

Sitembei, na sitaki mtu atoke hapa akasema mlemavu wa Uluguru ameponywa. Lakini nina kitalu cha miche. Nimejenga meza za miti, kimo cha kifua changu nikiwa nimekaa, udongo juu, kivuli cha majani ya migomba. Kabichi, nyanya, liki, stroberi. Wakulima wa juu wanashuka kwangu kuchukua miche, wale wale walionibeba, na wakichagua hovyo nawagombeza. Mche wangu unajulikana mpaka Dumila. Mwaka huu mzee mmoja alimtuma mwanawe akimwambia, "Nenda kwa fundi wa miche." Hakusema kwa yule kiwete. Alisema fundi.

Nawashukuru majirani zangu kwa migongo yao. Namshukuru dada aliyelala chini miezi yote ile bila kuhesabu, na mtaalamu wa mazoezi ambaye leo amekaa kule nyuma anajifanya hanijui. Namshukuru mke wangu, kwa neno moja nitalia, basi niache. Na mzee wa watu, mjomba, aliyeniheshimu kiasi cha kunikatalia. Mwenyezi Mungu awalipe.

Nilichojifunza ni kifupi. Mtu aliyeumia usimbebe kabla hajaomba, na wewe uliyeumia, usione aibu kuomba. Hayo mawili yakienda pamoja mtu anarudi kwenye nafasi yake.

Na kabla sijashuka. Dada yetu mgeni, yule wa mstari wa pili, karibu sana. Wiki ya tatu tangu atoke hospitali, nimeambiwa, na mikono yake ni mizima. Shemeji, naona unamnywesha chai tangu nimeanza kuongea, na unampenda, tunaona wote. Sasa mpe kikombe. Ndiyo, mkononi. Kikimwagika kitamwagika, sakafu hii ni ya saruji, tutaifuta. Mwache.

Haya. Ameshika.