Leonce Qamara Matle na Maziwa ya Nainokanoka

Baba Paroko, masista, wazee wa Rhotia, ndugu zetu mlioshuka kutoka Nainokanoka kwa safari ya siku nzima, wafanyakazi wenzake marehemu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Sylvesta Qamara Matle, mdogo wake marehemu wa kumfuata, ukoo umenipa karatasi hizi nizisome, nami naomba mnivumilie, kwa sababu shule yangu ni ya darasa la saba na macho yangu leo hayaoni vizuri, nitasoma polepole.

Ndugu yetu Leonce Qamara Matle alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Novemba 1968 hapa hapa Rhotia, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu mzee Qamara Matle na marehemu mama Angelina Bura, akabatizwa mwezi uliofuata, na alipofika umri wa kuchunga alichunga ng'ombe wa baba katika bonde hili mnaloliona nyuma ya hema.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1977 na kumaliza la saba mwaka 1983, jina lake halikutoka kwenda sekondari, akakaa nyumbani mwaka mmoja akilima mahindi na ngwara, na mwaka 1985 mzee akauza fahali ili akajifunze ufundi wa vyuma kwa mafundi wa misheni huko Mbulu, akarudi mwishoni mwa 1986 akiwa na cheti na tabia moja ambayo hakuiacha mpaka anaingia kaburini, nayo ni kupima. Alipomtengenezea mama mlango wa jikoni alipima siku mbili, mama akamwambia, "Leonce, mlango ni mlango, hakuna mbuzi atakayekuja hapa na rula." Lakini mlango ule upo, wengi wenu mmepita hapo asubuhi hii kuchukua chai, na haujawahi kukwama.

Kuanzia mwaka 1988 hadi 1999 alikuwa fundi wa matrekta katika shamba la kahawa upande wa Oldeani. Akiwa huko alimpata Marsela, wakafunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 21 Septemba 1996 katika kanisa letu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Angelina aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1998, ambaye sasa ni mwalimu, na Raphaeli aliyezaliwa tarehe 30 Machi 2003, ambaye yuko chuoni.

Jumatatu tarehe 3 Aprili 2000 aliajiriwa katika kituo cha mafunzo ya shabaha nje kidogo ya mji wa Karatu, mahali ambapo walinzi wa mahoteli na waongoza wageni wanafundishwa kutumia bastola, akafanya kazi hapo miaka ishirini na minne. Wengi mmeniuliza alikuwa anafanya nini hasa, kwa hiyo nieleze. Mtu anayejifunza shabaha anapiga risasi nyingi sana, mpya zinatoka mbali na ni ghali, hivyo kituo kilikuwa na kibali cha kuokota maganda yaliyotumika, kuyasafisha, kuyawekea fataki na baruti upya, na kufunga juu kichwa kipya cha risasi. Kazi hiyo ilikuwa ya Leonce, na kwa miaka yote hiyo hakuna bastola iliyopasuka mkononi mwa mtu kwa risasi aliyoijaza yeye.

Vichwa vya risasi alivitengeneza mwenyewe. Aliyeyusha yale madini mazito ya kijivu yanayotoka kwenye betri kuukuu za magari, akiyaweka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, ndani ya chumba chenye dirisha moja, akayamimina kwenye kalibu kama mtu anayetengeneza mishumaa. Hayo madini mimi ndiye niliyekuwa nikimletea. Nilikuwa gereji pale mjini, betri zikifa nilizivunja, nikafunga vile vibati kwenye gunia, nikampelekea kwa baiskeli kila Ijumaa, na nilijiona namsaidia kaka yangu.

Tulijua kwamba moshi ule si mzuri, nisiseme hatukujua. Lakini kila fundi wa Karatu, wa rangi, wa kuchomelea, wa betri, aliambiwa jambo moja na yule aliyemtangulia, kwamba ukimaliza kazi unywe maziwa, maziwa yanatoa sumu. Leonce naye akaambiwa hivyo, na Mungu alikuwa amempa rafiki mwenye maziwa. Mwaka 2001 alipanda Nainokanoka kutengeneza mashine ya kusaga, akakaa siku tatu kwa mzee Lembris, ambaye amekaa hapa mbele, na walipoagana mzee Lembris alimwambia, "Fundi, sina cha kukulipa cha kufanana na mashine, lakini hutakosa maziwa." Neno lile alilitimiza. Kila siku ya mnada alishuka na galoni, asiposhuka alilituma kwa gari la abiria, mvua ikikata barabara alimtuma mtu kwa miguu hadi penye gari, miaka ishirini na minne. Na mdogo wake Lembris, ndugu Sairowua, alipoajiriwa kituoni mwaka 2009 na kuwekwa chumba kimoja na Leonce, mzee akaongeza galoni la pili.

Mwaka 2014 kituo kilileta sampuli za vichwa vya risasi vya kununua, na Leonce akaagizwa achague. Aliichukua kazi ile kama alivyouchukua mlango wa mama. Kulikuwa na vichwa vitupu visivyo na kitu juu, kama alivyokuwa akimimina mwenyewe, kulikuwa na vyenye koti nene la shaba, ambavyo ni imara lakini bei yake kituo kisingeweza kila mwezi, na katikati kulikuwa na vile vilivyopakwa shaba nyembamba kila upande, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Alipima uzito wa vichwa mia vya kila aina, akaviviringisha juu ya kioo cha dirisha kuona kama vimepinda, akakata kimoja kwa msumeno kuona shaba imeshika vipi. Aligundua kwamba vile vya kupakwa vinataka mkono mpole, ukibana sana mdomo wa ganda shaba inakatika pande zote na shabaha inapotea, kwa hiyo alifunga kimoja, akakichomoa tena, akatazama kwa lenzi kama kina kovu, akalegeza mashine ya kubania kidogo, akarudia. Ilipita wiki ya tatu. Msimamizi akamwambia mbele ya watu, "Leonce, unachagua vichwa vya risasi au unachagua mchumba?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Mchumba nilimchagua kwa siku mbili na bado yupo. Hivi sivijui kwao."

Alichagua vilivyopakwa shaba, na kuanzia Januari 2015 ndivyo vilivyotumika. Ninalo daftari lake, ameandika sababu nne kwa mwandiko mzuri, kwamba mtutu unabaki safi, moshi unapungua, uzito unalingana, na walinzi wanalenga vizuri. Nimelisoma wiki hii mara nyingi nikitafuta sababu ya tano. Haipo. Alichagua kwa ajili ya bastola, kwa ajili yake mwenyewe hakuandika hata mstari.

Na vichwa hivyo havikufika kila mara. Vilipochelewa bandarini, mwaka 2017, mwaka 2019 na karibu mwaka 2021 wote, jiko liliwashwa tena, na mimi nikafunga tena gunia kwenye baiskeli.

Kuugua kwake kulianza mwezi Agosti 2021 kwa tumbo. Alitibiwa taifodi, akatibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa taifodi tena, akakonda, akawa mkali kwa watoto kwa namna ambayo haikuwa yake, kisha analia na kuomba msamaha. Mwezi Januari 2024 alikuwa ameshika chombo chake cha kupimia, kikaanguka, akakiokota, kikaanguka, akatazama kiganja chake kinaning'inia kama si chake. Tarehe 12 Machi 2024, katika hospitali ya rufaa tuliyopelekwa, daktari kijana alimfunua midomo, akatazama ufizi, akaona mstari wa bluu penye meno, akauliza swali ambalo kwa karibu miaka mitatu hakuna aliyeuliza, "Mzee wangu, kazi yako ni nini?" Damu ilipimwa, na ndani yake yalikuwemo yale madini niliyoyabeba kwenye gunia.

Alipewa dawa ya kuyatoa, yakatoka kiasi, lakini figo zilikuwa zimekwisha kuharibika. Marsela, aliyekuwa akikung'uta na kufua nguo zake za kazi, naye alipimwa, yanaonekana kidogo, anafuatiliwa, tumwombee. Kuanzia Novemba mwaka jana Leonce alisafishwa damu kwa mashine huko Arusha, mara tatu kwa wiki, mpaka mwezi wa tano mwili ulipokataa, akaomba arudishwe nyumbani. Tulisali rozari kila jioni, Baba Paroko alimpaka mafuta matakatifu, jumuiya ilifunga siku tatu, na kila asubuhi nilimkuta ameshuka kidogo zaidi ya jana. Sikuwa na la kufanya. Nilikuwa namgeuza tu, kulia, kushoto.

Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025 saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na sita, miezi saba na siku nane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, zaidi yule kijana aliyeuliza swali, inamshukuru Baba Paroko na jumuiya ndogondogo, majirani mliolima shamba lake bila kuitwa, wafanyakazi wenzake wa kituo mliochanga nauli na damu, na vijana waliochimba kaburi jana kwenye baridi ile.

Sasa kuna ukurasa mmoja, na huu, ukoo haujauona, Leonce aliniambia maneno yake Ijumaa iliyopita tarehe 13.

Mzee Lembris, siku ile hospitalini, Leonce alimwuliza daktari kama aongeze maziwa. Daktari alisema maziwa ni chakula kizuri, lakini sumu hii hayaitoi, hayajawahi kuitoa, na mtu anayekunywa galoni zima akiwa ndani ya moshi ule ni sawa na asiyekunywa kitu. Tulipovuka Mto wa Mbu kaka yangu akaniambia, "Sylvesta, Lembris asijue. Ameshuka mlima ule miaka yote hiyo." Tulinyamaza wote wawili, na wewe ukaendelea kuleta.

Mwezi uliopita vichwa vya shaba vilichelewa tena, na tukasikia jiko limewashwa. Leonce alimwita Sairowua kitandani, akamwambia aache, akamwonyesha mikono. Sairowua, mdogo wangu, unakumbuka ulivyomjibu, kwa upole kabisa, "Kaka, usiwe na hofu, mimi maziwa ya nyumbani nakunywa asubuhi na jioni." Leonce aliona hana jibu bila kukutaja wewe, mzee Lembris. Ndipo Ijumaa akaniambia, "Nikiwa hai sina uso wa kumwambia. Siku ya kusoma historia yangu msomee. Watu watakuwepo wote, hatakuwa peke yake."

Nimesoma, mzee wangu. Nisamehe. Hukumdhuru, aliyembebea sumu ni mimi wa tumbo moja naye, wewe ulimbebea chakula. Lakini nisingesema, Sairowua angeamini maziwa kama sisi tulivyoamini.

Sairowua, mimi si bosi wako, siwezi kufunga chumba kile, na nikichukua sufuria ile, dukani zipo nyingine. Vichwa vya shaba sijui vitafika lini. Ninaweza kukuomba tu mbele ya jeneza hili, usiwashe mkaa, waache walinzi wasubiri, na Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na pikipiki twende ukapime damu, na ukikataa nitakuja Jumanne.

Jumapili iliyopita, siku mbili kabla ya kifo, mzee Lembris alikuja na galoni lake. Leonce hakuwa anameza kitu tangu Alhamisi. Alinifanyia ishara kwa macho nimshikie kikombe, kwa kuwa mikono haikushika, akanywa polepole, akapumzika, akanywa, mpaka kikombe kikaisha. Mzee Lembris akafurahi, akasema, "Umepata nguvu, rafiki yangu." Leonce akasema, "Ni maziwa yako." Nami nilikuwa nimeshika kikombe kitupu, najua, na yeye anajua, na sisi wawili hatukuwa tunadanganywa na kinywaji kile, ila upendo ulikuwa humo.

Kaka Leonce, umefika mahali ambapo mikono yako haidaiwi kushika kitu tena. Bwana aishike yeye. Tulia kwake.