Paskazia Agutu na Moshi wa Nyavu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Ninayezungumza nanyi ni Modesta Mashimba, mwanafunzi wa biolojia hapa Mwanza na mtangazaji wa kipindi hiki cha kuwakumbuka waliotutoka. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa mwalo wa Bulimbe, ufukwe wa kushushia samaki ziwani, mbanikaji wa samaki, Paskazia Agutu. Alizikwa Jumamosi iliyopita. Alifariki kwa saratani ya mapafu. Nalirudia jambo hili mapema, tena kwa makusudi, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe: alifariki kwa saratani ya mapafu, na hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake.

Mnajua jinsi tunavyosoma wasifu msibani. Kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto, wajukuu. Tukifika kwenye ugonjwa, sauti inashuka na sentensi ni ile ile: "Marehemu aliugua kwa muda mrefu." Hakuna anayeuliza aliugua nini, wala ugonjwa aliupata wapi. Paskazia aliikataa sentensi hiyo angali hai. Kumbukumbu yetu ya leo inahusu sentensi aliyoitaka badala yake.

Alizaliwa Rorya, mkoani Mara. Wazazi wake walihamia Bulimbe akiwa bado anabebwa mgongoni, na mama yake akaanza kazi ya kubanika sangara. Samaki hupangwa juu ya chanja za waya, moto huwashwa chini, na mwanamke hukaa hapo akigeuza na kupepea mpaka nyama iive na kukauka. Paskazia aliirithi chanja ya mama yake. Dada yake mkubwa alikuwa na chanja yake upande wa kushoto. Upande wa kulia alikuwa wifi yake, Justa, mke wa mdogo wake Orwa.

Sasa sikilizeni desturi moja ya mwalo huo. Wavu wa mvuvi ukichakaa kiasi cha kutoshoneka tena, hautupwi. Mvuvi humpelekea mwanamke anayenunua samaki wake, kama zawadi ya kumshukuru kwa msimu. Wavu wa nailoni hushika moto upesi hata kuni zikiwa mbichi. Tena moshi wake mzito humpa samaki rangi nyeusi inayong'aa, na wateja wa soko la Mabatini waliipenda mno rangi hiyo. Mwanamke aliyepewa nyavu nyingi alionekana kuwa na heshima mwaloni. Paskazia alikuwa na mvuvi hodari kuliko wote, mdogo wake Orwa, kwa hiyo nyavu hazikumpungukia.

Mama yake alifariki akikohoa damu. Baadaye dada yake naye alifariki akikohoa damu. Kisha Justa. Katika wasifu wa kila mmoja ilisomwa sentensi ile ile.

Binti wa Paskazia anaitwa Favour, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka juzi alichumbiwa na kijana wa Buhongwa, Nestory Masele. Kama ilivyo kawaida, kabla ya kuzungumza mahari, wazee wa kijana walituma watu kuuchunguza ukoo wa binti, upande wa baba na upande wa mama. Aliyeongoza uchunguzi huo ni baba mkubwa wa Nestory, mzee Chenge. Waliuliza mwaloni, wakauliza kanisani. Jibu likarudi Bulimbe kwa mdomo wa shangazi wa kijana, kwa upole unaouma: binti ni mzuri, adabu anayo, lakini upande wa mama kuna ugonjwa wa ukoo. Wanawake wao hufa kwa kifua.

Wakati huo Paskazia mwenyewe alikuwa ameanza kukohoa.

Favour aliniambia kwamba mama yake hakulia. Alimaliza kugeuza samaki, akanawa mikono, akasema, "Wanasema damu yetu imeoza. Haya. Nitakwenda nikaulize wenye kujua damu."

Hospitali ilimpa jina la ugonjwa wake. Akamuuliza daktari, kijana wa rika la mwanawe, kama umetoka kwa mama yake.

"Mama, saratani nyingine hurithiwa," daktari alimjibu. "Nyingi zaidi hutokana na vitu tunavyovuta, tunavyokula na tunavyogusa kwa miaka mingi. Moshi ni kimojawapo. Lakini kwa mtu mmoja mmoja siwezi kuapa kwamba ni hiki au kile."

"Basi usiape, mwanangu. Niambie tu, mama yako ungemwacha akae juu ya moshi wa nyavu?"

"Nisingemwacha," akasema.

Mimi nilikutana na Paskazia mwezi uliofuata, darasa letu lilipokwenda Bulimbe kwa mafunzo ya vitendo. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanivuta pembeni. "Wewe ndiye unayesomea mambo ya mwili? Kaa hapa. Nieleze moshi unafika wapi ukishaingia, na usinieleze kama mtoto."

Wasikilizaji wapendwa, nilimweleza hivi, nanyi nawaeleza vivyo hivyo. Ndani ya kila seli ya mwili kuna DNA, maagizo marefu yanayoiambia seli ifanye kazi gani, igawanyike lini na ikome lini. Moshi wa plastiki na nailoni hubeba kemikali zinazopenya kwenye seli na kunata kwenye maagizo hayo. Seli inapoyanakili, hukosea. Mwili una mafundi wake wa kurekebisha makosa, nao hufanya kazi mchana na usiku.

"Kama washona nyavu," akasema.

Kama washona nyavu. Matundu yakiwa machache, wanayaziba yote. Lakini matundu yakija kwa kasi kuliko mikono yao, wavu huenda majini na matundu. Kosa moja likiangukia mahali panapoiambia seli ikome kugawanyika, seli hiyo haikomi. Hiyo ndiyo saratani.

Nikamweleza la pili, linaloshangaza wengi. Moshi unaweza kudhuru hata pasipo kubadilisha maagizo yenyewe. Juu ya DNA kuna alama ndogo za kemikali zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Moshi wa muda mrefu huzivuruga alama hizo. Jeni ya kutulinda inaweza kubaki nzima kabisa, lakini imenyamazishwa.

Paskazia alitazama mitumbwi iliyoegeshwa ufukweni. "Kwa hiyo injini ni nzima, ila kuna mtu kakata kamba ya kuwashia."

Sijawahi kusikia mhadhara ulioeleza jambo hilo kwa ufupi zaidi. Akaniuliza kama anaweza kuwa amemrithisha Favour makosa yale. Nilimjibu kwa uaminifu kwamba makosa yaliyotokea mapafuni mwake hayaendi kwa mtoto. Kinachoweza kumdhuru Favour ni kukaa kwenye moshi ule ule.

"Basi hatakaa," akasema. "Na mimi nimeondoka leo."

Hivyo ndivyo alivyoanza kukataa. Alijenga tanuri la matofali lenye bomba la kutolea moshi juu, akawasha kuni kavu peke yake. Samaki wake wakatoka na rangi ya hudhurungi isiyong'aa. Wenzake hawakumwacha salama. "Jamani, njooni mwone samaki wa Paskazia, wamepauka kama wanafunzi wa bweni." Naye, huku akikohoa, alijibu, "Wa kwenu wamepakwa mafuta ya nywele. Waoeni basi." Wateja wa Mabatini walimkimbia. Wachache walirudi baada ya kuonja.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa la Orwa. Msimu ulipoisha, alikuja na wavu wake begani, kama alivyofanya miaka yote. Paskazia aliuchukua, akamrudishia mikononi mwake. Kule mwaloni, kurudisha wavu ni kumwambia mvuvi kwamba hutaki tena samaki wake.

"Dada, unanifukuza mbele za watu?"

"Samaki wako nawataka. Moshi wako siutaki. Ndio uliomla Justa."

Orwa alikuwa amempelekea mkewe nyavu kila msimu wa ndoa yao. Aliondoka na wavu wake begani, na tangu siku hiyo samaki wake waliuzwa kwa mwingine. Paskazia alijua alichokipoteza. Aliniambia, "Ningeweza kulainisha maneno. Lakini nikilainisha, binti yangu ataitwa mgonjwa mpaka anazeeka."

Ndipo akapanda basi kwenda Buhongwa, bila kualikwa, kumkabili mzee Chenge. Favour alikuwepo, naye amenisimulia. Mzee aliwapokea kwa heshima, akaagiza chai. Paskazia hakuigusa.

"Mzee wangu, wajumbe wako waliuliza nani amekufa. Je, waliuliza hao waliokufa walikuwa wamekaa wapi?"

"Mama, sisi tulitazama ukoo. Ndiyo desturi."

"Nami naiheshimu. Sasa tuichunguze mpaka mwisho. Justa alizaliwa Ukerewe, na watu wa kwao wamezeeka salama. Damu yetu aliipata wapi? Alichochangia na sisi ni moshi. Nina dada mwingine, baba mmoja mama mmoja, anauza vitenge Buzuruga. Ni mkubwa kwangu. Nenda ukamsikilize akiwapigia kelele wateja, ndipo uniambie kifua chetu kibovu."

Mzee Chenge alicheka bila kutaka. Kisha akasema, kwa haki, kwamba watu wawili hawatoshi kuthibitisha jambo. Paskazia alikubali. "Hawatoshi. Lakini wewe ulituhukumu kwa watu wangapi?"

Siku hiyo waliagana bila uamuzi. Alirudi Bulimbe, na baada ya miezi michache hakuweza tena kusimama kwenye tanuri. Alimwita Favour, akamwambia maneno ya kuweka kwenye wasifu wake, akamfanya ayarudie mpaka akayakariri.

Wasikilizaji wapendwa, tumefika Jumamosi. Wazee wa familia walikuwa wameuandaa wasifu, na Favour alichaguliwa kuusoma. Sentensi ya mama yake haikuwemo. Badala yake ilikuwemo ile ya siku zote. Aliyeagiza ile ya mama iondolewe ni mjomba wake, Orwa. Favour alimfuata nyuma ya turubai.

"Mjomba, mama aliagiza."

"Najua aliagiza. Ukisoma hilo, utakuwa unanisomea kesi mbele ya makaburi mawili. La dada yangu na la mke wangu. Unalitaka hilo, mwanangu?"

"Silitaki, mjomba. Lakini nisipolisoma, kesi inabaki kwa damu yetu. Yangu, na ya wanao."

Favour akaenda mbele ya waombolezaji. Alisoma kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa. Alipofika kwenye ugonjwa aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akasema aliyoyakariri:

"Mama yangu ameuawa na saratani ya mapafu. Alikaa juu ya moshi wa nyavu tangu utoto wake. Damu yetu haina kosa. Zimeni moto huo."

Mchungaji alitazama chini. Watu walimgeukia Orwa, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na koti lake magotini. Wengi walidhani ataondoka, kama alivyoondoka siku ile ya wavu. Alisimama. Akamtazama mpwa wake, akasema kwa sauti nzito:

"Rudia. Walio nyuma hawajasikia."

Favour akarudia.

Baada ya maziko mzee Chenge, aliyekuwa amekuja na Nestory kuzika, alimshika Favour mkono. Alimwambia kwamba matanga yakiisha, wao wako tayari kuja kuzungumza. Favour alimshukuru. Kisha, kwa adabu zote alizofunzwa, akamwambia, "Karibuni, baba. Ila safari hii na sisi tutachunguza. Tutataka kujua huko kwenu moto mnauwasha kwa kitu gani." Nestory ndiye aliyecheka wa kwanza.

Kwa Favour, kwa mzee Orwa na watoto wake, kwa mama wa vitenge wa Buzuruga, na kwa wanawake wote wa mwalo wa Bulimbe, tunawapa pole kwa moyo wote. Mwenyezi Mungu ampumzishe Paskazia mahali pasipo moshi.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, nawaomba jambo moja la kutafakari. Tunapenda kuuliza mgonjwa ni wa ukoo gani. Tuulize pia alikuwa akivuta hewa gani, akishika nini, akipikia nini, na nani aliyemwambia kwamba ndivyo ilivyo. Ewe dada unayenunua samaki sokoni, usimkatae aliyepauka. Ewe kaka mvuvi, tafuta zawadi nyingine. Na sisi tulio darasani, elimu hii tuishushe mpaka mwaloni. Kuna watu wanaihitaji leo.

Ninaufunga ukurasa huu kwa maneno yake, kwa ajili ya ninyi mlio nyuma, mlio mbali na ziwa, mliofungua redio sasa hivi, ambao pengine hamjasikia. Paskazia Agutu ameuawa na saratani ya mapafu. Alikaa juu ya moshi wa nyavu tangu utoto wake. Damu yao haina kosa. Zimeni moto huo.