Kiti cha Madam Kananu

Benchi letu liko Makutano, kati ya kibanda changu cha kushona nguo na birika la Ciakuthii, mwanamke wa Githongo anayeuza kahawa kwa sababu amechoka kuona watu wanaoilima wakinywa chai. Ijumaa hiyo asubuhi benchi lilijaa na hakuna aliyekuwa na utani. Saa nne chuo kikuu cha hapo juu kingemtunuku kombe Madam Kananu, mshauri wa wanafunzi, kwa kuwahudumia wanafunzi na jamii kuliko mfanyakazi mwingine yeyote. Sisi wa Makutano tulialikwa kama jamii yenyewe. Tungepaswa kufurahi. Lakini mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, kamati ya kuujadili ilikuwa inakaa alasiri hiyo hiyo, na Mutuma, mtu wa bodaboda tunayemwita Breki kwa sababu hana, alikuwa amekuja na maneno ya kutuharibia kahawa.

— Mimi nawaambia hiyo zawadi ni kwaheri, akasema Breki. Mwaka jana walimpa nani? Mwongera, dereva wa basi ya chuo. Akapigwa picha, akapewa cheti, watu wakapiga makofi. Saa hii ako wapi?

— Embu, akajibu Profesa.

— Embu akifanya nini?

— Analinda geti.

— Haya basi. Dereva mzima, geti! Ukiona ofisi imeanza kukusifu, funga mizigo.

Profesa ni Kaburu, fundi viatu. Ameshona viatu vya wahadhiri miaka mingi, na anaamini kuna elimu fulani inayopanda kutoka kwenye soli mpaka mkononi mwake.

— Si kwaheri peke yake, akasema. Wanataka kumfunga mdomo. Si juzi alisimama kwa mkutano akasema wanafunzi wanalala njaa? Sasa akishapewa kombe, atalalamika akiwa amelishika?

— Hiyo nayo ni kweli, akakubali Breki.

— Na hilo kombe lenyewe mliangalie vizuri. Ndani wanaweza weka ka-maiki kadogo. Unaliweka nyumbani juu ya TV, wao wako ofisini wanakusikia ukila.

— Aah, Profesa! Wacha zako!

— Wewe umewahi fungua kombe?

Hakuna mtu wa benchi lile aliyewahi kupewa kombe, seuze kulifungua, kwa hiyo Profesa akashinda.

— Nyinyi vijana hamjui siasa, akasema Mzee Muthamia. Huyu tunamwita Hansadi, maana alikuwa karani wa chifu na mpaka leo anakumbuka nani alisema nini barazani. 

— Hiyo kazi iko na mwenyewe, akaendelea. Kuna mke wa mheshimiwa fulani amemaliza kusomea ushauri. Unafikiri ataandikwa wapi?

— Mheshimiwa gani, mzee?

— Sitaji. Nikitaja, hili benchi litang'olewa na tingatinga kabla ya saa sita.

— Basi Kananu atapelekwa Uchina, akasema Breki. Mimi nilibeba jamaa mmoja wa chuo, akaniambia wanabadilishana watu na Wachina. Wewe unatoa mshauri, wanakupa maabara.

Ciakuthii akalipiga birika mezani mpaka kahawa ikamwagika.

— Mnaongea kama ni mpira! Lennox wangu aliacha masomo akaenda Ishiara kuchuma muguka, hayo majani ya kulevya, na ile alikuwa anatafuna ilishinda ile alikuwa anachuma. Baba yake alisema tumwache. Pasta akasema tuombe. Nani alienda huko Mbeere akimtafuta shamba kwa shamba, na viatu zake za ofisi?

— Ni Kananu, Mama Lennox, akasema Hansadi kwa sauti ya chini.

— Na bado anakaa na yeye kila wiki wakiongea. Kijana alirudi chuo, anamaliza mwaka huu. Usiku bado anasikia hiyo kitu ikimwita, ameniambia mwenyewe. Huyu mama akitolewa leo, mwanangu atashikwa na nani? Na wewe Profesa, na hiyo maiki yako?

Profesa akainamia kiatu. Mimi nilikuwa nimekasirika kiasi cha kujidunga sindano. Nikawaambia tumeshakata shauri, tuache kubahatisha mambo ya ofisi, tufanye letu.

Letu lilikuwa hapo kando ya benchi. Tulikuwa tumechanga tukatengenezewa kiti cha mbao nzito, chenye mikono na mgongo wa kuegemea. Mto wake mwekundu nilishona mimi, nikautarizi jina la Madam Kananu kwa uzi wa njano. Juu yake tuliweka blanketi nene la maua.

— Ofisi ikiona ako na watu, itaogopa, akasema Hansadi. Ndiyo maana nilisema tumpe heshima kubwa, si maua. Kiti kama kile cha mwalimu mkuu wa Githongo. Na blanketi kama ile tulimpatia Mzee Mbaka kanisani.

— Tunamkalisha mbele ya VC mwenyewe, mkuu wa chuo, akasema Breki. Akina mama wanamfunika, wanaimba wakimzunguka. Nione nani atamguza!

— Hata huyo mke wa mheshimiwa atarudi nyumbani, akasema Profesa.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile tulicheka. Ciakuthii naye alicheka, akajaza vikombe bila kuombwa.

Madam Kananu akatokea upande wa stendi, haraka haraka, amekuja kuchukua gauni la kitenge nililomshonea kwa ajili ya sherehe. Alimsalimia kila mtu kwa jina, akamuuliza Ciakuthii habari za Lennox. Kisha akakiona kiti.

— Hiki ni cha nani?

— Chako, Madam! akasema Breki. Mimi ndiye nakibeba. Tunakupatia huko mbele ya wakubwa wote!

Akaushika mkono wa kiti. Akalisoma jina lake kwenye mto. Akaligusa blanketi, na tabasamu alilokuja nalo likaondoka.

— Baba yangu alipewa kiti kama hiki, akasema. Na blanketi. Siku alistaafu.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Mwalimu mkuu wa Githongo alipewa kiti siku ya kustaafu. Mzee Mbaka alifunikwa blanketi kanisa lilipompumzisha utumishi. Huku kwetu heshima kubwa tunayoijua ni hiyo moja. Tunangoja mtu amalize kazi, ndipo tunamkalisha, tunamfunika, tunamwimbia aende nyumbani salama. Na wakubwa wa chuo wamezaliwa vijiji hivi hivi. Wangetazama na kusema jamii yenyewe imemwachilia.

Kananu alitutazama mmoja mmoja.

— Mimi ofisi imekataa kuniambia chochote kuhusu mkataba wangu, akasema. Nyinyi wamewaambia nini?

Jibu lilikuwa rahisi. Hakuna ofisi iliyotuambia neno. Lakini tangu asubuhi tulikuwa tumefundishana kwamba ameshafukuzwa, na kila mmoja alikuwa ameamini kidogo. Breki akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Hansadi. Hansadi, anayekumbuka maneno ya watu wote, hakuwa na lake. Nami niliyeshona jina lile nilisimama na gauni mkononi, nikaanza kulikunja upya.

— Sawa, akasema Kananu. Nimeelewa. Kumbe mnaniaga.

Akakaa kwenye kiti taratibu, na Ciakuthii akaanza kulia.