Mama Kundi na Majina Sita ya Mlangoni

Marehemu hakuwahi kumwambia mtu kundi la damu la mtu mwingine. Kwa miaka ishirini na mitatu kazini, sheria hiyo aliivunja mara moja tu. Haifai kusimama mbele ya jeneza na kuificha hiyo mara moja, kwa sababu ndiyo iliyotuleta hapa.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1966, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Malaria iliwalaza ndugu zake kwa zamu. Yeye ilimpitia juu juu, wakamwita Chuma. Alimaliza sekondari mwaka 1984, na mwaka 1991 akapata stashahada ya maabara. Chuoni ndipo alipojifunza kwamba watu wa kundi O, kama yeye, malaria kali huwasumbua kidogo kuliko wengine. Ukurasa uliofuata ulisema kipindupindu hufanya kinyume: humkamata yeyote, ila wa O humkausha vibaya zaidi. Aliwasimulia wazazi wake akicheka, "Kumbe ulinzi wenyewe una masharti."

Januari 1992 aliajiriwa benki ya damu ya hospitali: chumba kimoja, jokofu, na daftari la jalada jeusi lenye majina ya waliopimwa na makundi yao. Kwa jinsi alivyohimiza watu wapimwe, wakambandika jina Mama Kundi. Fundi wa kuchomea vyuma alikwenda kuchangia damu, akaona sindano, akaanguka. Alipozinduka aliulizia kundi la rafiki aliyemleta.

"Kamuulize mwenyewe."

"Na langu?"

"AB. Kupokea unapokea kwa wote. Kutoa, unawapa wa AB wenzako tu."

"Dada, hapo umenisoma tabia."

Walifunga ndoa tarehe 13 Agosti 1994. Mume ameruhusu hayo yasemwe.

Februari 2015 kipindupindu kiliingia mjini. Watu walitapika mpaka korido, wakafa macho yamezama. Ili kuwaepusha wenzake, marehemu alibandika kwenye mlango wa wodi majina sita ya wafanyakazi wa kundi O, wasipangiwe zamu humo. Lake hakuliandika, aliendelea kuingia. Nia ilikuwa njema, lakini siri haikuwa yake. Ndani ya wiki moja mitaa iliisoma karatasi hiyo kivyake: kwamba watu wa O ndio wanaoufuga ugonjwa.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Machi, umati ulimkuta mfagiaji wa hospitali, jina la kwanza kwenye orodha, akiteka maji bombani. Walimpiga kwa mawe na nondo mpaka akafa. Mkewe alimtambua kwa viatu.

Kisha wakaja maabara. Walipindua jokofu, mifuko ya damu ikapasuka, wakaikanyaga. Mbele alikuwa muuza nyama, aliyezika watoto wawili wiki hiyo, shoka mkononi.

"Mama, tupe hilo daftari. Na wewe hatuna ugomvi."

Marehemu alikuwa amelikalia. "Pole kwa wanao, baba. Ugonjwa uko kwenye maji mnayokunywa. Humu hamna."

"Wewe kundi gani?"

"La mtu mwingine sisemi. Langu ni O."

Walimpiga mateke, wakang'oa miguu ya meza wakampiga nayo, hadi polisi walipofika. Mbavu nne zilivunjika, wengu ukapasuka. Daftari lilikuwa chini yake.

Daktari alisema hawezi kumpasua bila damu, na mtu wa O hupokea ya O peke yake. Mume, watoto na ndugu walipimwa, hakuna aliyefaa. Wale watano waliobaki kwenye orodha walikuwa wameukimbia mji. Mume alilifungua daftari kando ya kitanda atafute wa kuwaita. Marehemu alimshika mkono.

"Ukiwaita watajulikana. Nimeshataja watu mara moja, baba watoto. Funga."

Mume alibishana naye, akalia, akafunga. Hospitali ilitangaza kwa kipaza sauti kwamba inahitaji damu ya O. Mji mzima hakuna aliyekubali kuwa O. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti, mwana, mama mzazi na ndugu wawili. Mfagiaji ameacha mjane na watoto watatu, nao waandikwe humu humu. Mungu awapumzishe wote wawili mahali pasipo vurugu.

Kuivunja sheria ile kuligharimu uhai wa mfagiaji. Kurudi kuishika kumegharimu wake mwenyewe.