Mwalimu Tumpe Mbonile, Aliyesoma Chuo Kikuu Akiwa Nanyala

Mchungaji, wazee wa kanisa, walimu wenzake marehemu, majirani wa hapa Nanyala, ndugu mliosafiri kutoka Ikinga, Chitete na Tunduma, poleni kwa njia na poleni kwa msiba, mimi ni Ambwene Mbonile, mdogo wake wa mwisho marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, kazi ambayo siku zote nilidhani yeye ndiye angeifanya kwangu, maana sauti yake ya darasani haikuhitaji spika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1983 katika kata ya Ikinga, wilaya ya Ileje, wakati huo tukiwa bado mkoa wa Mbeya, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu mzee Andongwisye Mbonile na mama yetu Gwantwa, ambaye tunaye hapa mbele. Alianza darasa la kwanza mwaka 1991 na kuhitimu la saba mwaka 1997, akasoma sekondari kuanzia 1998 hadi 2001, kisha kidato cha tano na cha sita mkoani Iringa, akichukua Fizikia, Kemia na Hisabati, akamaliza Februari 2004 kwa ufaulu uliompatia nafasi ya chuo kikuu, Dar es Salaam, na begi lake la safari tulilifunga sisi wadogo zake kwa kamba ya katani kwa sababu zipu ilikuwa mbovu.

Agosti mwaka huo baba alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukafa ganzi, mama peke yake hakuweza kumgeuza kitandani na wakati huohuo kulima, na sisi wengine tulikuwa bado wa kulelewa, hivyo Tumpe akaifungua ile kamba, akatoa nguo zake begini, akabaki nyumbani. Baba aliugua hadi alipofariki Februari 2006, na nafasi ya chuo ilikuwa imeshapita, ndipo dada akaenda kusoma stashahada ya ualimu jijini Mbeya kati ya mwaka 2006 na 2008, na hicho ndicho cheti chake cha mwisho.

Hapa, ndugu waombolezaji, ndipo tulipobishana juzi tulipokaa kuandika historia hii, kwa sababu baba yetu mdogo Sadoki alishikilia kwamba kwenye kipengele cha elimu husomwa kile ambacho kina cheti, kisicho na cheti hakisomwi mbele za watu, na wengine wetu tukaona kwamba tukiishia kwenye stashahada tutakuwa tunamzika mtu nusu. Tulivyomaliza mtaelewa, ila kwanza niseme habari za kazi na ndoa, kwa maana bila hizo hamtaelewa.

Aliajiriwa Julai 2008 kuwa mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika shule ya sekondari ya kata huko Chitete, akafundisha huko hadi mwaka 2015 alipohamishiwa hapa Nanyala, na tarehe 18 Septemba 2010 alifunga ndoa katika Kanisa la Moravian, Tunduma, na shemeji yetu Damiano Simbeye, wakala wa forodha pale mpakani, wakajaliwa watoto wawili, Goodness aliyezaliwa mwaka 2011 na Emanueli aliyezaliwa mwaka 2014.

Mwaka 2019, mwezi Mei, mwanafunzi mmoja alimuuliza kanuni fulani ya kitu kinachozunguka imetoka wapi, naye akagundua kwamba hata yeye alifundishwa kuikariri tu, akaingia mtandaoni kwa simu kutafuta jibu, na badala ya jibu akakuta kozi nzima ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo imewekwa wazi, mihadhara kwa video, maelezo ya kila somo, mazoezi na majibu yake, mitihani ya miaka ya nyuma, na mbele kidogo akakuta ukurasa ambao mtu fulani mwenye moyo wake amezipanga kozi za Fizikia na Hisabati za vyuo mbalimbali, kuanzia mwaka wa kwanza kwenda juu, zote za kufungua na kusoma. Alinipigia simu analia, nikadhani kuna msiba, akaniambia, "Ambwene, haya yamewekwa hapa mwaka 2004, mwaka uleule nilipofungua begi." Nikamwambia, dada, mwaka ule Ikinga hatukuwa na umeme, simu yenyewe tuliifuata kilimani, tungeyaonea wapi, akajibu kwamba hilo analijua, lakini miaka hii yote ya katikati alikuwa na simu mkononi, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia kwamba mlango haukuwa na kufuli. Hilo ndilo lililomuuma hadi mwisho, na linatuuma sisi pia.

Shemeji Damiano, ambaye naomba anisamehe kwa kumtaja, hakuamini, kwa sababu mtu wa forodha haamini kwamba kuna mzigo unaovuka bila ushuru, akamwonya, "Mama Goodness, hao wanakuvutia pumzi tu, usije ukawapa namba ya kitambulisho," akakaa mwaka mzima akisubiri wenye chuo waje kudai chao, na marehemu akamjibu kwamba hawajauliza hata jina lake. Ilipofika mwaka wa pili hawajadai, shemeji mwenyewe alivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akamletea kompyuta, na tangu hapo jioni za nyumba hii zilikuwa za kupika, kusahihisha madaftari na kusoma.

Desemba 2022 alimwambia mama kwa simu kwamba amemaliza mekanika, kalkulasi na aljebra ya mwaka wa kwanza, na mama, kwa furaha ya mzazi aliyeona begi likifunguliwa, alielewa kwamba mwanawe amehitimu chuo kikuu, akawatangazia akina mama wa kanisa, nao wakakodi Kosta kutoka Ikinga hadi hapa na kuku, vitenge na nyimbo, wakateremka wakiuliza joho liko wapi ili wapige naye picha. Dada aliwaeleza ukweli palepale mlangoni, na shangazi Ferista akamuuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, sisi tutajuaje kama umesoma?" Walikula, wakamfunga kitenge, wakaondoka, lakini tangu siku hiyo katika ukoo wetu kitu chochote kisichoonekana kikaitwa cheti cha Tumpe, tulicheka wote, naye alicheka pamoja nasi, ila hakutusimulia tena anasoma nini, na leo tungetoa chochote tusimuliwe.

Aliyemaliza ubishi wa juzi ni kijana Nkwabi, mtoto wa wafugaji wa bonde la Momba, aliyefundishwa na marehemu hapa Nanyala akiwa amepanga chumba kwa jirani, ambaye sasa yuko mwaka wa tatu wa uhandisi, alimwambia baba mdogo, "Mzee, mimi nilifika chuo nikakuta yale yale madamu aliyonifungulia kwenye kompyuta yake, wenzangu wanahangaika, mimi nayakumbuka kwa sauti yake." Baba mdogo akasema basi elimu hiyo isomwe, ila isiitwe shahada, nami nimeisoma, na sikuiita.

Marehemu alianza kuumwa tumbo na kutokwa damu Novemba 2024, Januari mwaka huu akagundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi ambayo ilikuwa imeshasambaa, akatibiwa katika hospitali ya rufaa jijini Mbeya, na kule wodini aliendelea na kozi ya fizikia ya chembe ndogo kabisa, shemeji akimshikia simu, naye dada akimwambia asimamishe video ili yeye afikiri kwanza, kisha aiendeleze. Shemeji anasema wiki ya mwisho hakumwambia tena asimamishe, aliacha tu ikasonga, na Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na umri wa miaka 41, kozi hiyo ikiwa imefika nusu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mchungaji na kwaya, walimu na wanafunzi wake wa Chitete na Nanyala, mawakala wa forodha wa Tunduma waliotutolea gari, na majirani ambao tangu Alhamisi hawajatuacha tuwashe moto wenyewe. Na yuko mmoja ambaye tungependa kumshukuru na hatujui pa kumpata, mwalimu wa zile video, mzee wa ng'ambo ambaye sauti yake imekaa jikoni mwa dada yetu miaka sita, zaidi ya sauti ya ndugu yeyote, yeye hajui kwamba alikuwa na mwanafunzi Nanyala, hajui kwamba mwanafunzi huyo alifanya mazoezi yake yote, na kesho ataingia darasani kama kawaida bila mtu wa kumwambia kwamba mmoja wa wanafunzi wake hayupo.

Pumzika, dada Tumpe, amani ya Bwana iwe nawe.