Machicha Yaliyoinua Mkate

Wapendwa, amani ya Mungu ikae nasi. Nimeombwa nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitaeleza, lakini mnivumilie, maana jambo lenyewe linanishangaza mpaka leo.

Wengi mnanijua kwa mikate. Miaka ile ya foleni, wakati sabuni tulikuwaga tunaipata kwa bahati na sukari kwa kujuana, nilikuwa mjane mwenye watoto wanne na tanuri moja la matofali pale Kabasa. Unga wa ngano niliupata kwa kibali: napewa unga, napeleka mikate kwa wagonjwa hospitali, inayobaki nauza. Kibali hicho ndicho kilikuwaga baba wa nyumba yangu.

Kisha hamira ikaisha. Ilikuwaga inatoka nje, kwenye makopo. Nilitafuta Bunda nzima, nikaenda mpaka Musoma, nikazunguka maduka hadi Kitaji, kila mtu ananiambia nirudi mwezi ujao. Nikaoka bila hamira. Ndugu zangu, nawaambia, mikate ile ungeweza kujengea choo. Bwana wa vibali akanipa siku saba: nisipoleta mkate unaolika, unga atapewa mwingine.

Siku ya pili nikaitwa Suguti, kumaliza matanga ya baba yangu mdogo. Shangazi alikuwa ametengeneza pombe ya ulezi, maana wazee wa kwetu hawamalizi matanga kwa chai. Mimi nimeokoka, msimamo wetu mnaujua, nikakaa mbali na mtungi. Lakini macho hayakukaa mbali. Povu lilikuwa linapanda lenyewe, linapasuka, linapanda tena, bila moto, bila mtu kukoroga. Nikawaza: kinachoinua povu hili, kitashindwa kuinua unga?

Shangazi hakuwahi kukanyaga kanisani wala darasani. Akanipa kopo la machicha, yale mabaki mazito ya chini ya mtungi, wala hakuniuliza sana. Nililifunga kwenye kitenge, nikalipitisha kijijini kama mwizi.

Hapa sasa ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilipofika nyumbani niliogopa. Mkate wa pombe, mimi mama wa kwaya? Nikasema nitayatakasa kwanza. Nikaweka nusu ya machicha jikoni, nikachemsha, nikayaombea, nikakandia unga. Kesho yake donge liko vilevile nilivyoliacha. Nikachukua nusu iliyobaki, nikachemsha muda mrefu zaidi, maana nilidhani bado hayajatakata. Msicheke, akina mama, nilikuwa na imani kweli. Siku ya tano nilikaa chini mbele ya tanuri baridi nikalia, na watoto wangu wakalia kwa sababu mimi nalia.

Asubuhi ya siku ya sita nikarudi Suguti. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Umewaua, mwanangu," akasema. "Hao wako hai. Wanataka joto la mkono tu, na chakula."

Akanipa kopo jingine, akanionyesha: maji ya uvuguvugu, unga kiganja kimoja, machicha mabichi, funika, ondoka. Nilifanya hivyo jioni ile ile. Alfajiri nikafunua beseni. Wapendwa, unga ulikuwa umepanda mpaka ukasukuma kitambaa. Ulikuwa na vipovu, vinapasuka polepole, unausikia. Nilipiga magoti pale jikoni. Nimesoma toka nikiwa msichana kwamba Mungu huumba, lakini sikuwahi kusimama karibu namna ile na kazi yake ikiendelea.

Mikate ilifika hospitali siku ya saba. Ilikuwa na uchachu kidogo na harufu ya ulezi. Bwana wa vibali akala kipande, akakata cha pili, akapiga mhuri.

Lakini moyo haukutulia. Nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa, yule mkali tuliyekuwaga tunamwogopa wote, nikamwambia kila kitu, nikasema kama ni dhambi nitafunga tanuri. Alikuja nyumbani, akaomba beseni, akainama, akaweka sikio. Kisha akainuka, akafunika beseni.

"Mama," akasema, "sisi tumekataza ulevi. Hawa hatujawakataza kufanya kazi."

Tangu siku hiyo sikurudi kwenye mtungi. Kila nikioka nabakiza donge moja la unga mbichi, nalilisha, kesho linainua mengine. Biashara ilipofunguliwa, hamira za makopo zikajaa madukani, na mimi nikawa sina haja nazo. Mwalimu mmoja wa sayansi aliniambia kijiko kimoja cha donge langu kina viumbe wengi kuliko watu wote wa mkoa huu. Nilishindwa kulala kwa kuwaza. Wote hao wanafanya kazi kwangu, na sijawahi kumwona hata mmoja.

Namshukuru mzee yule kwa kuinama kwanza kabla ya kuhukumu. Namshukuru shangazi, ambaye nilimwombea wokovu miaka mingi, kumbe mkononi mwake ndimo Mungu alimoweka chakula cha watoto wangu. Ametangulia sasa. Ninachowaachia ni hiki: jambo usilolielewa, liulize kabla hujalichemsha. Mimi niliua maelfu kwa maombi, na mtu niliyemwona mpagani ndiye aliyenifundisha kuwatunza wakiwa hai.