Ekow wa Kilo Tisa

Mchungaji wetu, Mjomba Kwamena mzee wa ukoo, ndugu, majirani, wauguzi mliokuja na sare zenu, na ninyi mliosimama juani kwa kukosa viti, mimi ni Ewurama Amissah, kitinda mimba wa marehemu, nimepewa dakika kumi za kusoma historia ya mama yetu, na kwa kuwa saa iliyobandikwa hapa kifuani mwangu ni yake, zitakuwa dakika kumi kwelikweli, si zile kumi mlizozizoea misibani. Naomba pia mnivumilie, maana karatasi hii ina aya iliyopigwa mstari mwekundu juzi kwenye kikao cha ukoo ili isisomwe, nami nilimwahidi mama kwamba nitaisoma, kwa hiyo mkiniona nahamahama miguu kama mtu aliyebanwa na haja, jueni ni aya hiyo.

Marehemu Araba Takyiwa Arkorful alizaliwa Jumanne tarehe 7 Machi 1950 hapa hapa Saltpond, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa seremala Kobina Arkorful na Maame Esuon, ambaye dokono yake ya unga wa mahindi wengine hapa mmeila na wengine bado mna deni lake mbinguni. Inasemekana akiwa na miaka sita alitumwa kwa jirani kuchukua "dokono kama ishirini hivi", akafika mlangoni, akageuka, akarudi nyumbani mikono mitupu kuuliza, "Kama ishirini ndiyo ngapi?", akachapwa, akatumwa tena, na tangu siku hiyo hakuwahi kuyapenda maneno hayo mawili, "kama" na "hivi", yakikaa karibu na namba.

Alianza shule ya msingi ya Wamethodisti mwezi Septemba 1956, akamaliza shule ya kati mwaka 1966, akakaa nyumbani miaka miwili akimsaidia bibi yetu, kisha tarehe 2 Septemba 1968 akaingia chuo cha wauguzi, akahitimu tarehe 24 Septemba 1971 akiwa wa kwanza katika hesabu za dawa na wa mwisho katika kutandika kitanda, jambo ambalo baba yetu alikuwa akilithibitisha mbele ya wageni.

Baba huyo, marehemu Ebo Amissah, alikuwa fundi saa, na mama alimpelekea saa hii ninayoivaa, mshale wake wa sekunde ukiwa umekwama, akatengenezewa, akairudisha kesho yake akidai inachelewa sekunde mbili kwa siku, akairudisha tena wiki iliyofuata, mpaka baba akamwambia, "Dada, saa haina ugonjwa, mwenye ugonjwa ni mimi au ni wewe, tuambiane." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1975, wakajaliwa watoto watatu, kaka Fiifi aliyezaliwa 1977, dada Baaba aliyezaliwa 1980, na mimi niliyezaliwa Jumamosi tarehe 20 Julai 1985, na baba akatutoka mwaka 2009, saa zote za dukani zikiwa zinakwenda.

Kikazi, marehemu alihudumu wodini kuanzia Oktoba 1971, akawa muuguzi wa zamu katika wodi ya watoto mwaka 1979, na mwaka 1983, tuseme tu kwamba mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa njaa, tuendelee, nitarudi. Tarehe 1 Oktoba 1986 alihamishiwa chuoni kuwa mkufunzi, akafundisha hesabu za dozi na za dripu hadi alipostaafu tarehe 7 Machi 2010, siku alipotimiza miaka sitini, halafu akaendelea barazani kwake, bila malipo, na kila aliyefeli na kutakiwa kurudia mtihani, mpaka macho yalipomkataza.

Mliopita barazani hapo mnakumbuka ule msumari ukutani, chupa ya maji ikining'inia, mpira wa dripu ukidondosha ndani ya ndoo, na ninyi mmeshika saa mkihesabu matone dakika nzima, si nusu, si robo. Kuna kijana mmoja, leo ni bwana mkubwa na ameketi pale penye feni, aliwahi kumuuliza, "Mama, kwa nini tusihesabu sekunde kumi na tano halafu tuzidishe kwa nne?", naye akamjibu, "Mwanangu, ukioa, mkeo utampenda robo halafu uzidishe?" Wakacheka, na chupa ikatundikwa upya, na wote wakaanza upya kuhesabu kwa sababu ya kicheko hicho.

Na mnalikumbuka Swali la Kwanza. Kila mtihani wake, kwa miaka ishirini na minne, ulianza na swali lile lile, kwamba Ekow ana umri wa miaka miwili, ana kilo tisa, daktari ameagiza apewe mililita mia tatu za maji ya dripu kwa saa sita, je, utaweka matone mangapi kwa dakika? Anayekurupuka huzidisha mia tatu kwa matone ishirini ya mazoea, akagawa kwa dakika mia tatu na sitini, akapata kumi na saba, akaandika kwa mwandiko mzuri, akapigiwa mstari, akapewa sifuri. Mimi mwenyewe niliingia chuoni mwaka 2004, nikaandika kumi na saba, mama yangu mzazi akanipa sifuri mbele ya darasa, nikasusa, nikaondoka, nikajifunza ushonaji, na leo sare nyingi ninazoziona hapa nimezishona mimi, pamoja na kile kimfuko kidogo cha kushoto ambacho mama alinilazimisha nikiweke kwenye kila aproni na ambacho wengi wenu mnakitumia kuwekea simu.

Mlimtania sana kwa swali hilo. Kila mwaka kulikuwa na mmoja wa kuuliza, "Mama, huyu Ekow tangu dada yangu asome hapa bado ana kilo tisa tu, hali chakula?", na mwingine kudakia, "Mwacheni, anasubiri mpate jibu ndiyo aende nyumbani." Darasa linavunjika mbavu, mama anageukia ubao, anafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Mimi pia nilicheka, na mpaka leo kicheko hicho kinaniuma.

Mjomba, naomba ukae, nimeona umesimama, dakika zangu bado nne.

Sasa nasoma aya yenye mstari mwekundu, kama alivyoiandika mwenyewe, kwa mkono wake, tarehe 3 Januari mwaka huu. "Jumanne tarehe 14 Juni 1983, saa nne asubuhi, nilimwekea dripu mtoto Ekow Eduafo, mwana wa Esi Bentsiwa, umri miaka miwili, kilo tisa. Mipira yetu tuliyoizoea ilitoa matone ishirini kwa kila mililita, lakini ilikuwa imekwisha, na ile ya msaada iliyofika wiki hiyo ilikuwa na maandishi ya lugha nisiyoijua, nikairarua pakiti, nikaitupa, nikapiga hesabu nikapata kumi na saba, nikahesabu kumi na saba kwa dakika nzima, sikukosea hata tone moja. Mpira ule ulitoa matone kumi kwa mililita. Matone yake yalikuwa makubwa mara mbili, na maji ya saa sita yaliingia kwa saa tatu. Alianza kuhema, nikafunga dripu, tukamwita daktari, akafariki saa nane na dakika arobaini mchana. Iliandikwa ni njaa. Niliitafuta pakiti kwenye taka nikaipata, na namba kumi haihitaji lugha. Hospitali haina kosa, kosa ni langu."

Aya inaendelea, nami naendelea. Mwaka 1984 alimwomba kaka yake waende pamoja kwa Bi. Esi Bentsiwa na kinywaji cha kuombea radhi, kama inavyotakiwa, na kaka yake akamwambia, "Araba, funga mdomo, utafungwa wewe, tutaaibika sisi, na mtoto harudi", kwa hiyo akaenda peke yake, akafungiwa mlango. Akaenda tena 1985 akiwa na mimba yangu, akafungiwa. Mwaka 1986 Bi. Esi alifungua, akampa maji ya kunywa, akakikataa kinywaji, akamuuliza, "Sasa unafanya kazi gani?", mama akajibu, "Wananipeleka chuoni nikafundishe", naye Bi. Esi akasema, "Basi wafundishe mwanangu. Waambie alikuwepo, waambie alivyokufa, asilale bure mchangani."

Mama aliahidi, na nusu ya ahadi akaitimiza. Aliwafundisha Ekow kwa miaka ishirini na minne, jina lake, kilo zake, mililita zake, lakini kila alipotaka kusema kwamba mtoto huyo alikuwepo, aliogopa, aliogopa kufutiwa leseni, aliogopa ukoo, baadaye aliogopa ninyi, kwamba mtaacha kumwamini, na akafa akiwa na woga huo, na mimi nimekasirika naye kwa hilo, nalisema hapa mbele ya jeneza lake, kwa sababu nampenda. Mjomba, wewe pia nakupenda, na najua ulikuwa unamlinda. Lakini Bi. Esi Bentsiwa ana miaka themanini na moja, nilimfuata nyumbani kwake nikiwa na karatasi hii, akasema, "Soma, nitakuja kusikia kwa masikio yangu", na amekuja, ndiye yule mwenye shuka jeusi safu ya pili, aliyekaa karibu na dada Baaba.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Mei 2021, moyo ukafuata, akalazwa mara ya mwisho tarehe 29 Januari 2024. Tarehe 7 Februari muuguzi Aba Mensima, mwanafunzi wa barazani, alimwekea dripu, na mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemtambua hata mmoja wetu, akainua kidole, akasema, "Pakiti?" Aba akaitoa kwenye kimfuko cha kushoto, akamsogezea machoni, mama akasoma, "Ishirini. Haya, endelea", na hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, miezi kumi na moja na siku mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa Aba, majirani mliopika na kulala nasi kwenye mikeka, walimu wenzake wa chuoni, kanisa, mabinti wa duka langu walioshona nguo za msiba huu kwa siku tisa, na Mjomba Kwamena, ambaye ameketi. Zaidi ya wote tunakushukuru wewe, Bi. Esi, kwa yale maji ya kunywa.

Zimebaki sekunde hamsini. Wauguzi, naomba msimame wote. Ekow Eduafo, miaka miwili, kilo tisa, mtoto wa Esi Bentsiwa, alikuwepo. Daktari ameagiza mililita mia tatu kwa saa sita. Mtaweka matone mangapi?

Semeni kwa sauti, Bi. Esi hasikii vizuri.

Ndiyo. "Pakiti inasema ngapi?" Hilo ndilo jibu, mmepata wote, nami nimelipata leo.

Bi. Esi, umesikia. Mama, saa ninayo mimi, wewe lala.